Kupandisha PostgreSQL kutoka 13 hadi 17 bila kukesha mara mbili

Kwenye SACCOS ya walimu ninakofanya kazi, hapa Mwanza, mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Cheo hicho kinabeba mengi: wino wa printa ukiisha naitwa, kibodi ikimwagikiwa chai naitwa, seva ya hifadhidata ikikohoa usiku wa manane naitwa. Seva yenyewe imekaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Ina Debian 11 (aina ya Linux), ilikuwa na PostgreSQL 13 (programu ya kutunza hifadhidata, kwa kifupi Postgres), na hifadhidata moja ya GB 61 yenye hisa, akiba, mikopo na kila muamala ulioingia kwa simu tangu tuachane na madaftari.

Usiku wa Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025, kuamkia Siku ya Nyerere, niliihamisha kutoka toleo la 13 kwenda la 17. Nitaeleza nilivyofanya, amri kwa amri pale panapohitaji. Kama unatumia Ubuntu, zana ni hizihizi. Kama unatumia Rocky au AlmaLinux, majina ya folda yatabadilika, ila mpangilio wa kazi utabaki.

Kwa nini kuhangaika? PostgreSQL hutoa toleo kuu jipya kila mwaka, na kila toleo kuu hutunzwa kwa miaka 5. La 13 lilitoka Septemba 2020, kwa hiyo Novemba 2025 ndiyo ilikuwa mwisho wa kuzibiwa matundu ya usalama. Tangu toleo la 10, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu. Kutoka 13.20 kwenda 13.22 unabadilisha programu, unaiwasha upya, unaenda kula. Kutoka 13 kwenda 17 ni kazi nyingine, kwa sababu mpangilio wa majedwali ya ndani ambayo Postgres hujitunzia yenyewe hubadilika kila toleo kuu. Ukiielekeza programu ya 17 kwenye mafaili ya 13, inakataa kuwaka.

Mbona si 18? Toleo la 18 lilitoka tarehe 25 Septemba 2025, wiki tatu hazijatimia. Mimi na programu changa kiasi hicho hatulali nyumba moja, si kwenye akiba za walimu. La 17 lilikuwa limeshafika 17.6, maana yake wengine walishagonga kichwa kwa niaba yangu. Na huna haja ya kupitia 14, 15 na 16 kwanza. Unaruka moja kwa moja. Unacholazimika kupitia ni maelezo ya mabadiliko ya matoleo yote manne, na hapo nitarudi, maana ndipo palipokuwa na mwiba.

Swali la kuandika kabla ya amri yoyote

Chukua karatasi. Andika: nitarudije kwenye toleo la zamani, na mpaka saa ngapi bado naweza kurudi?

Maelekezo mengi niliyosoma yanahesabu hatua za kwenda tu. Lakini usiku wa kazi, kwenda si tatizo. Pg_upgrade, zana ya Postgres yenyewe ya kuhamia toleo kuu jipya, imekomaa. Tatizo ni pale saa saba usiku kitu kinapogoma na huna uhakika kama urudi au uendelee kupambana. Na kuna wakati mmoja unaoamua kila kitu: ule ambapo mwanachama wa kwanza anaweka pesa kwenye seva mpya. Kabla ya hapo, kurudi ni kuzima 17 na kuwasha 13, dakika mbili. Baada ya hapo, ukirudi unaiacha pesa ya mtu nyuma. Kwa hiyo mpango wangu wote niliupanga kuzunguka wakati huo: mambo yote ya kupima yafanyike kabla yake, na mlango ubaki umefungwa mpaka nitakaposema ufunguliwe.

Ndiyo maana pia nilichagua mkesha wa sikukuu. Ofisi ingefungwa Jumanne nzima. Jumamosi usiku ingenipa Jumapili, ndiyo, lakini Jumapili wanaopakua mafaili ya Windows kwenye mtandao wetu wa ofisi huwa hawapumziki, na mimi hutakiwa kanisani.

Jambo dogo la saa. Kwenye mpango andika saa kwa namna mbili: saa nne usiku, 22:00. Msinicheke. Mwaka mmoja niliandika "saa 4:00 tunazima" kwenye ujumbe, nikimaanisha saa nne usiku. Fundi wa mtandao, aliyezoea kusoma logi, akaelewa 04:00, akafika saa kumi alfajiri na thermosi yake ya chai, mimi nikiwa nimekaa tangu saa nne kumsubiri. Na cron, programu ya Linux inayoamsha kazi kwa saa ulizopanga, haijui Kiswahili. Ukimwandikia 4 atakuja saa kumi alfajiri, na kama seva imewekwa kwenye saa ya UTC atakuja saa moja asubuhi watu wakiwa wamejaa kaunta.

Nakala, na faili la baiti 20

Kabla sijagusa chochote, nilichukua nakala rudufu kamili, nikaipeleka kwenye mashine nyingine, nikairejesha huko mpaka ikawaka. Sehemu ya mwisho ndiyo nakala. Faili ambalo halijawahi kurejeshwa ni matumaini tu yaliyobanwa kwa gzip, programu ya kubana mafaili.

Nasema hivi kwa aibu. Miaka ya nyuma, mahali pengine, tulitoka 9.6 kwenda 11, kila kitu kikaenda vizuri, tukapongezana. Siku 23 baadaye mtu akafuta rekodi kwa bahati mbaya, nikaenda kwenye folda ya nakala. Kila usiku kulikuwa na faili, tarehe sahihi, jina sahihi. Kila faili lilikuwa na baiti 20. Baiti 20 ni gzip iliyobana hewa. Skripti yangu ilikuwa imeandikwa njia nzima, /usr/lib/postgresql/9.6/bin/pg_dump, na pg_dump (zana ya kutoa nakala ya hifadhidata) ya zamani hukataa kunakili seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Ilikuwa inalalamika kila usiku, na mimi mwenyewe ndiye niliyeelekeza malalamiko yake /dev/null, shimo la Linux linalomeza kila kitu.

Baadaye nikasoma yaliyowapata GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017, nikajua siko peke yangu duniani. Mhandisi wao aliyekuwa amechoka usiku alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Zikapotea karibu GB 300. Walipokimbilia nakala zao za kila siku, hapakuwa na kitu: pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ni ya 9.2 wakati seva ni 9.6, na barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa takriban saa sita kabla. Nao wakaeleza yote hadharani, jambo ninaloliheshimu.

Kwa hiyo tumia pg_dump ya toleo jipya kunakili seva ya zamani. Inaruhusiwa, na ndiyo inayoshauriwa. Watumiaji na nywila zao hawamo ndani ya nakala ya hifadhidata moja, kwa hiyo wachukue kando:

/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_dump -Fd -j 4 -f /bekapu/akiba_1013 akiba

Namba ya -j ni idadi ya kazi zinazokwenda sambamba. Seva yangu ina viini vinne.

Mazoezi kwenye mashine ya pembeni

Wiki mbili kabla nilifanya kazi nzima, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta yangu ya mapajani, nikiwa na saa mkononi. Mashine hiyo iwe na Debian ileile ya seva. Hili si la kupuuza. Mpangilio wa herufi unaotumika kupanga majina unatoka kwenye maktaba ya glibc ya mfumo, na toleo la 2.28 la glibc liliubadilisha sana. Waliohama kutoka Debian 9 kwenda 10 walikuta faharasa (orodha za kutafutia haraka) za maandishi zimeharibika kimyakimya, jina lipo kwenye jedwali lakini ukilitafuta halionekani. Ndiyo maana sipandishi Debian na Postgres usiku mmoja. Ukilazimika kubadilisha mfumo, weka muda wa kuendesha REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya.

Data nilivuta kwa pg_basebackup, ili nipate mafaili yenyewe kama yalivyo:

pg_basebackup -h seva -U nakala -D /var/lib/postgresql/13/main -X stream -P

Angalizo: hizo ni taarifa halisi za watu, mishahara na madeni yao. Diski ya kompyuta yangu imefungwa kwa usimbaji, na mazoezi yalipoisha nilifuta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, deni la mwalimu si la kutembea nalo kwenye daladala.

Kuweka toleo jipya kando ya la zamani ni rahisi, ukishaongeza hazina ya vifurushi ya mradi wenyewe wa PostgreSQL:

sudo /usr/share/postgresql-common/pgdg/apt.postgresql.org.sh
sudo apt install postgresql-17
pg_lsclusters

Debian itajitengenezea klasta (seti ya hifadhidata inayoendeshwa na seva moja) tupu ya 17 kwenye poti 5433, huku 13 ikiendelea na kazi yake kwenye 5432. Viendelezi (nyongeza za Postgres) unavyotumia navyo vina vifurushi vyake kwa kila toleo. Kama una PostGIS, unahitaji postgresql-17-postgis-3 kabla ya kuendelea. Ukivisahau, hatua inayofuata itakukumbusha kwa ukali.

Hatua hiyo ni kuuliza bila kutenda. Zima klasta tupu ya 17, acha ya 13 iendelee, kisha:

sudo pg_ctlcluster 17 main stop
sudo -iu postgres
/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_upgrade --check \
  -b /usr/lib/postgresql/13/bin -B /usr/lib/postgresql/17/bin \
  -d /var/lib/postgresql/13/main -D /var/lib/postgresql/17/main \
  -o '-c config_file=/etc/postgresql/13/main/postgresql.conf' \
  -O '-c config_file=/etc/postgresql/17/main/postgresql.conf'

Herufi ndogo ni ya zamani, kubwa ni mpya. Inakagua viendelezi, aina za data zilizofutwa, miamala iliyoachwa njiani, na kama klasta zote mbili zinakubaliana kuhusu hundi za kurasa za data (checksums, namba za kugundua data iliyoharibika). Uliza mwenyewe kwa SHOW data_checksums kwenye seva ya zamani. Yangu ilisema off, na klasta mpya ya 17 nayo huzaliwa off, tukapatana. Wanaokwenda 18 wajue huko initdb, amri inayounda klasta, huziwasha yenyewe, kwa hiyo itabidi ama uzime kule au uziwashe kwanza huku kwa pg_checksums, seva ikiwa imezimwa.

Mwiba ambao --check haiuoni

Mazoezi yalipita. Dakika 14 kunakili, seva ikawaka, jumla zikalingana. Ningekuwa mvivu ningesimama hapo. Lakini nilijipa sharti kwamba mashine ya mazoezi iishi siku moja nzima ya kawaida, pamoja na kazi zake za usiku. Asubuhi nikakuta kazi ya kuhuisha muhtasari wa mikopo imekufa: jedwali la makato halipo.

Halipo vipi, nalitazama hapa!

Nilizunguka nusu siku. Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya toleo la 17, sentensi niliyoipita kwa haraka. Kuanzia 17, kazi za matengenezo kama REFRESH MATERIALIZED VIEW, REINDEX na ANALYZE huendeshwa kwa search_path (orodha ya skima, yaani mafungu ya majedwali, ambamo Postgres hutafuta) iliyobanwa kwa usalama, isiyojumuisha hata public, skima ya kawaida. Muhtasari wetu unaita kitendakazi cha kukokotoa riba, na ndani yake mtu (mimi) aliandika FROM makato badala ya FROM public.makato. Miaka yote kilifanya kazi. Dawa ni mstari mmoja:

ALTER FUNCTION kokotoa_riba(bigint, date) SET search_path = public, pg_temp;

Unaweza kuuendesha hata kwenye seva ya 13 siku kadhaa kabla, ukapunguza jambo moja la kukumbuka usiku. Nilifanya hivyo.

Mengine kwenye safari ya 13 hadi 17, kwa ufupi. Toleo la 14 lilifanya nywila mpya zihifadhiwe kwa scram-sha-256, njia salama zaidi ya kuficha nywila. Za zamani za md5 zinahama salama na zinaendelea kufanya kazi. Mtego ni siku utakapobadilisha nywila ya mtumiaji ambaye programu yake ina kiunganishi cha kizamani cha kuongea na Postgres. Sisi tuna kompyuta moja ya kaunta yenye programu ya ripoti ya miaka hiyo. Ilipopewa nywila mpya kwenye mazoezi ilisema haijui uthibitisho wa aina ya 10. Nikabadilisha kiunganishi chake mapema. Toleo la 15 lilizuia kila mtu kuunda majedwali kwenye public, lakini kwa hifadhidata mpya tu. Iliyohamishwa inabaki na ruhusa zake, nzuri na mbaya. Toleo hilohilo lilibadilisha pg_start_backup kuwa pg_backup_start, kwa hiyo pekua skripti za nakala. Na 17 iliondoa old_snapshot_threshold. Ikibaki kwenye faili la mipangilio, seva haiwaki.

Ndiyo sababu sinakili postgresql.conf ya zamani nzimanzima. Naiuliza seva ya 13 ni nini nilichobadilisha mimi:

SELECT name, setting FROM pg_settings
WHERE source NOT IN ('default', 'override') ORDER BY 1;

kisha naandika hayo tu kwenye faili la 17. Kwenye orodha hiyo tazama sana timezone. Yetu ilikuwa Africa/Dar_es_Salaam, na klasta mpya kwenye mashine ya mazoezi ilikuwa imejiandikia Etc/UTC. Ningeiacha hivyo, kila amana inayoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku ingeandikwa tarehe ya jana. Kwenye riba inayohesabiwa kwa siku, hayo ni malalamiko ya mwezi mzima. Faili la pg_hba.conf, linaloamua nani aruhusiwe kuingia, ndilo nililonakili lilivyo.

Nakili au unganisha?

pg_upgrade ina njia mbili kuu za kuhamisha mafaili. Ya kawaida inanakili, inahitaji nafasi ya diski sawa na data yako yote. Ya pili ni --link: haihamishi kitu, inayapa mafaili yaleyale jina la pili, inamaliza kwa sekunde chache. Watu huipenda. Lakini soma masharti yake: ukishaiwasha klasta mpya, ya zamani si salama tena kuwasha. Mlango wa kurudi umeuvunja mwenyewe, umebaki na nakala ya kurejesha, ambayo kwangu ni zaidi ya saa moja na nusu.

Nilikuwa na dakika 14 za kunakili dhidi ya sekunde. Nilinunua diski. Mwenye terabaiti tano na dirisha la nusu saa atafanya hesabu nyingine, labda atatumia urudufishaji wa kimantiki, ambao unawezesha seva mbili kwenda sambamba mpaka dakika ya kuhama. Huko akumbuke kwamba namba za sequence (vihesabio vinavyotoa namba zinazofuatana) hazihami zenyewe. SACCOS ya GB 61 haihitaji huo mzigo.

Usiku wenyewe

Saa nne usiku, 22:00. Betri za UPS nilishazipima, jenereta ina mafuta. Nilifungua dirisha moja tu la terminali kwenye seva, ndani ya tmux ili mtandao ukikatika kazi isife, nikalipa rangi nyekundu. Madirisha ya mazoezi yote nimefunga. Hadithi ya GitLab inanitosha.

Kwanza nilimsimamisha cron, kisha programu ya wavuti, kisha kipokezi cha miamala ya simu. Hicho cha mwisho kinataka mipango, kwa sababu watu hutuma pesa usiku, sikukuu, wakati wowote. Kipokezi chetu kina hali ya kuandika ujumbe unaoingia kwenye faili na kujibu "imepokelewa", kisha kuingiza baadaye. Niliiwasha. Kama chako hakina, ongea na kampuni ya simu uliyounganishwa nayo kuhusu tabia yao ya kurudia kutuma, na uongee nao siku kadhaa kabla.

Halafu mlango wenyewe. Juu kabisa ya pg_hba.conf ya 13 niliweka:

local all postgres peer
local all all reject
host all all all reject

nikapakia upya mipangilio, nikawaondoa waliokuwa bado ndani kwa pg_terminate_backend. Walikuwa wawili, wote ile kompyuta ya kaunta, ambayo hakuna anayeizima.

Sasa mambo yametulia, nikachukua alama: idadi ya miamala, jumla ya akiba, jumla ya mikopo, namba ya muamala wa mwisho. Nikaandika kwa kalamu. Nikachukua na nakala ya mwisho, nikaituma nje ya jengo, nikasubiri iishe. Hapa ndipo mtu hushawishika kuruka, kwa kuwa nakala ya mchana ipo.

Saa tano kasorobo, 22:45:

sudo systemctl stop postgresql@13-main
sudo systemctl stop postgresql@17-main

na amri ileile ya pg_upgrade kama juu, safari hii bila --check, nikiwa mtumiaji postgres. Ilichukua dakika 11. Kisha kubadilishana poti:

sudo pg_conftool 13 main set port 5433
sudo pg_conftool 17 main set port 5432
echo manual | sudo tee /etc/postgresql/13/main/start.conf
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start postgresql@17-main

Mstari wa tatu ni wa mtu anayeishi na umeme wetu. Usipouweka, siku umeme utakapokatika na UPS kuchoka, seva ikiwaka tena italiwasha na la 13. Poti zikiwa zimeshabadilishwa hakuna madhara makubwa, ila ukisahau na poti, la zamani linaweza kuwahi 5432 na watu wakaanza kuweka pesa kwenye hifadhidata ya wiki iliyopita. Kwenye mazoezi niliichomoa mashine waya makusudi ili nione nani anaamka.

Mlango wa 17 ulikuwa bado umefungwa kwa mistari ileile mitatu. Hatua iliyofuata:

/usr/lib/postgresql/17/bin/vacuumdb --all --analyze-in-stages --jobs=4

Kwa kwenda 17, pg_upgrade haibebi takwimu ambazo Postgres huzitumia kuchagua njia ya kutafuta data. Bila hizo seva iko macho ila haioni. Kwenye mazoezi nilijaribu taarifa ya mwanachama kabla ya hatua hii: kitu cha milisekunde 40 kilichukua zaidi ya dakika. Kama ungefungua mlango Jumanne asubuhi hivyo, ungesema 17 ni mbovu. Amri hii hufanya kazi kwa awamu tatu, ya kwanza ya haraka na ya juujuu, kwa hiyo hata wenye haraka wanaweza kufungua baada ya awamu ya kwanza. Waliohamia 18 takwimu nyingi huja zenyewe. pg_upgrade pia iliniachia faili la update_extensions.sql; ndani mlikuwa na ALTER EXTENSION moja ya pg_stat_statements. Nikaliendesha.

Alama nilizoandika kwa kalamu zililingana, hadi senti. Saa sita kasoro dakika kumi nilimruhusu mtu mmoja tu: mhasibu, kutoka nyumbani kwake, kwa anwani ya kompyuta yake pekee kwenye pg_hba.conf. Alikuwa na karatasi tuliyoiandaa pamoja, mambo tisa: fungua mwanachama wa zamani, toa taarifa, weka amana kwenye akaunti ya majaribio, tengeneza ratiba ya mkopo, huisha muhtasari, chapa, na kadhalika. Jambo la sita likagoma. Hati ya ratiba ilitoka na herufi ndogo kupita kiasi. Tulibishana dakika tano kama ni Postgres. Ilikuwa printa ya kwake.

Saa ya uamuzi kwenye karatasi ilikuwa saa saba usiku, 01:00. Tulimaliza saa sita na robo. Nikamuuliza kwa simu: "Dada, nifungue?" Akasema fungua nilale. Nikaondoa ile mistari, nikawasha programu, kipokezi kikamwaga miamala 37 iliyokuwa ikisubiri kwenye faili, cron akarudi.

Kuanzia hapo kurudi nyuma hakukuwa dakika mbili tena, na nilijua.

Siku zilizofuata

Jumatano asubuhi nilikaa kaunta badala ya chumbani kwangu. Ulizo moja la ripoti ya mwezi lilikuwa limebadilisha njia likawa zito, nikaliongezea faharasa. Seva ya pili ya dharura, iliyoko jengo jingine, sikuipandisha. Niliifuta nikaijenga upya kwa pg_basebackup kutoka ya 17, ilikuwa rahisi kuliko kuibembeleza.

Klasta ya 13 niliiacha siku kumi, imezimwa. Baada ya siku mbili haikuwa na thamani ya kurudi tena, lakini ilikuwa na thamani ya kutazama: mwanachama akidai salio lake lilikuwa tofauti kabla, naweza kuiwasha kwenye 5433 nikamwonyesha. Hakuna aliyedai. Kisha:

sudo pg_dropcluster 13 main
sudo apt purge postgresql-13

Na kila asubuhi ya siku hizo kumi, kabla ya chai, niliandika ls -lh /bekapu na kutazama safu ya ukubwa. GB 9.4. GB 9.4. GB 9.5.